Nani Aliitungua? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuhakiki Madai ya Marubani wa Kivita

Maswali haya huulizwa na watu waliokwisha kusoma kidogo kuhusu vita vya angani, wakaona jina la rubani na namba kubwa pembeni yake, kisha wakaanza kujiuliza namba hiyo ilitoka wapi. Mifano mingi ni ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu nyaraka zake ndizo nyingi na sehemu kubwa iko wazi kwa umma.

Dai la kutungua ndege ni kitu gani hasa?

Ni karatasi. Rubani wa Uingereza alipotua mwaka 1940, afisa wa upelelezi wa kikosi alikuwa akimsubiri. Aliulizwa saa, mahali, kimo, aina ya ndege ya adui, risasi alizotumia, na alichokiona baada ya kufyatua. Majibu yakajazwa kwenye fomu ya ripoti ya mapambano, rubani akatia saini. Wengine walieleza kwa mistari mitatu tu, wengine walijaza ukurasa mzima.

Kuanzia Agosti 1940 Waingereza waligawa madai katika mafungu matatu: ndege iliyoharibiwa kabisa, ndege ambayo huenda imeharibiwa, na ndege iliyopata madhara tu. Ukisoma kitabu kinachojumlisha mafungu yote hayo na kumpa rubani mmoja, kifunge.

Madai yalizidi ukweli kwa kiasi gani?

Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kwamba wametungua ndege 185 za Kijerumani kwa siku moja. Vita vilipokwisha na vitabu vya Wajerumani vikafunguliwa, zilizopatikana ni takribani 56, au 60 kutegemea unavyohesabu zile zilizorudi zikiwa hazifai tena. Kwa kipindi chote cha vita vya anga la Uingereza, kuanzia Julai 10 hadi Oktoba 31, Waingereza walidai 2,698, na nyaraka za Ujerumani zikaonyesha 1,733.

Wajerumani nao hawakuwa wasafi zaidi. Kwa kipindi hicho hicho walidai zaidi ya ndege 3,000 za Waingereza, ilhali Waingereza walikuwa wamepoteza 915. Nimewahi kumsikia mtu akizitaja namba za upande mmoja tu ili kuthibitisha kwamba taifa fulani ni la waongo. Namba za upande mmoja peke yake hazisemi lolote kuhusu taifa lolote.

Kwa hiyo marubani walikuwa wanadanganya?

Wachache, ndiyo. Walio wengi walisema walichokiona. Tatizo ni kwamba walichokiona hakikuwa ndicho kilichotokea, na sababu zake zinaeleweka ukizichunguza moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni muda. Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, mwaka 1940 ilibeba risasi za kutosha kufyatua kama sekunde 15 tu. Rubani alipiga sekunde mbili au tatu, akakwepa, akageuka kuangalia nyuma yake. Aliyebaki akiifuata ndege inayoanguka hadi ardhini ili ahakikishe, mara nyingi ndiye aliyetunguliwa baada yake. Makamanda waliwaonya vijana wao waache mchezo huo.

Ya pili ni moshi. Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, ilikuwa na injini inayopuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo rubani wa Kijerumani aliyejiona yuko hatarini aliweza kusukuma usukani mbele na kupiga mbizi mara moja. Hurricane au Spitfire ikijaribu hivyo, injini yake ya Merlin ilikata kwa muda, kwani kabureta yake haikupenda hali hiyo. Sasa fikiria: Mjerumani anafungulia mafuta yote, injini inatema moshi mweusi, ndege inajipindua na kutoweka ndani ya mawingu ikielekea chini. Mwingereza aliyempiga risasi sekunde chache kabla ataandika nini? Ataandika kwamba adui alianguka akifuka moshi. Na Mjerumani yuko njiani kurudi Calais kunywa kahawa.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: wengi kuipiga ndege moja. Chukua ile Dornier 17, ndege ya mabomu ya Wajerumani, iliyoanguka mbele ya kituo cha reli cha Victoria, London, kuelekea saa sita mchana siku hiyo hiyo ya Septemba 15. Ilikuwa ya KG 76, kikosi cha Wajerumani cha ndege za mabomu, rubani wake akiitwa Robert Zehbe. Ilikuwa imeachwa nyuma na wenzake, na marubani kadhaa wa Uingereza waliishambulia kwa zamu, kila mmoja akiiona ikitoa vipande. Mwishowe Ray Holmes wa kikosi cha 504 akaigonga mkiani kwa Hurricane yake, yenye namba P2725. Dornier ikakatika, naye Holmes akaruka kwa parachuti. Zehbe alikuwa ameshaiacha ndege na kutua Kennington, ambako raia walimvamia; alikufa kwa majeraha. Mabaki ya Hurricane yalifukuliwa chini ya barabara karibu na kasri la Buckingham mwaka 2004.

Kila aliyeipiga Dornier ile alikuwa na haki ya kuandika kwamba ameona Dornier ikiharibika. Ukijumlisha karatasi zao bila kujua zote zinaizungumzia ndege moja, umepata kundi zima la Dornier. Ndiyo maana madai huzidi sana pale ndege nyingi zinapokutana mahali pamoja, na hukaribia ukweli pale wawili walipopambana na wawili. Na bado hatujawahesabu wapiga mizinga wa ardhini, ambao nao walikuwa na madai yao.

Nikitaka kuhakiki dai, nianzie wapi?

Anzia kwa aliyepoteza. Mwenye kuku ndiye ajuaye ni wangapi hawakurudi bandani. Mkosaji wetu wa siku zote ni mtu anayekusanya ripoti kumi za aliyefyatua na kudhani wingi wake ni ushahidi. Jeshi lolote lilihitaji kujua idadi kamili ya ndege zake na watu wake: lilikuwa linaagiza ndege mpya, linalipa mishahara, linaandikia familia barua. Hesabu hiyo ilikuwa ya siri na haikuandikwa kwa ajili ya magazeti, kwa hiyo haikuwa na sababu kubwa ya kujipamba.

Kwa Wajerumani, hati muhimu ni taarifa za hasara zilizopelekwa kwa mkuu wa ugavi wa jeshi lao la anga. Kila ndege ina mstari wake: kikosi, aina, namba ya kiwandani, majina ya waliokuwemo, mahali, chanzo, na asilimia ya uharibifu. Asilimia 100 maana yake imekwisha. Kuanzia 60 kwenda juu kwa kawaida ilihesabiwa kuwa haitengenezeki. Iliyo chini ya hapo ilirudi karakana.

Asilimia hizo ndizo huzua ugomvi. Messerschmitt iliyotua kwa tumbo Ufaransa ikiwa na uharibifu wa 45, je, ilitunguliwa? Rubani wa Uingereza aliitoa vitani, hilo ni kweli. Lakini baada ya wiki kadhaa ikaruka tena. Mimi naiweka kwenye fungu la zilizopata madhara, na ninaeleza kwa nini, ili asiyekubaliana nami aweze kuihamisha.

Nyaraka zenyewe ziko wapi?

Za Uingereza ziko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa. Ripoti za mapambano ziko katika mfululizo wa AIR 50, madaftari ya kila siku ya vikosi katika AIR 27, na majalada ya waliokufa au kupotea katika AIR 81. Nyingi za AIR 50 na AIR 27 zimeshapigwa picha na unaweza kuzipata ukiwa Dodoma au Kisumu. Kadi za historia ya ndege moja moja ziko kwenye makumbusho ya jeshi la anga, Hendon.

Za Ujerumani ziko Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la Bundesarchiv, yaani hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ila jiandae kwa mapengo: nyaraka nyingi za jeshi la anga la Ujerumani ziliteketezwa na wenyewe mwishoni mwa vita. Za Marekani ziko College Park, Maryland, na Maxwell, Alabama. Ripoti za wahudumu wa ndege waliopotea, zilizoanza kuandikwa 1943, ni hazina kwa sababu mara nyingi zina maelezo ya mashuhuda na ramani. Za Kisovieti ziko Podolsk, karibu na Moscow, na sehemu yake imewekwa mtandaoni na wizara ya ulinzi ya Urusi. Za Italia ziko Roma, ofisi ya historia ya jeshi la anga. Za Afrika Kusini ziko Pretoria.

Nimepata dai na hasara, lakini saa hazilingani. Basi si zenyewe?

Pole pole. Majira ya kiangazi ya 1940, saa za Wajerumani zilikuwa mbele ya zile za Waingereza kwa saa moja. Pambano lililoandikwa na Mwingereza saa sita kamili mchana, Mjerumani ameliandika saa saba. Katikati ya Mei na Agosti 1941 Waingereza walisogeza saa zao mbele zaidi, zikalingana na za Ujerumani. Kisha wakazirudisha, tofauti ikarejea. Asiyejua hilo huoanisha watu ambao hawakuwahi kukutana.

Mahali nako kuna mtego. Rubani aliyepigana akiwa mita 6,000 juu ya mawingu huandika jina la mji anaoujua, na ndege aliyoipiga inaweza kuanguka kilomita 30 mbele. Aina ya ndege ndiyo kabisa usiitegemee: katika ripoti za Waingereza za 1940 utakutana na Heinkel 113, ndege ya kivita ambayo haikuwahi kutumika dhidi yao. Ilikuwa propaganda ya picha, na waliodai kuitungua walikuwa wamepiga Messerschmitt 109.

Kamera za kwenye bunduki hazimalizi ubishi?

Hazimalizi. Kamera iliwaka rubani akibonyeza kufyatua. Inaonyesha risasi zikigonga, na hapo ndipo filamu inapokwisha. Kilichotokea nusu dakika baadaye hakimo.

Lakini Wajerumani walikuwa na utaratibu mkali wa mashahidi, sivyo?

Kwenye karatasi, ndiyo. Fomu yao ilitaka saa, mraba wa ramani, kimo, namna ndege ilivyoharibika, risasi zilizotumika, shahidi wa angani, na wa ardhini kama yupo. Uthibitisho ulitolewa na wizara, wakati mwingine baada ya miezi mingi. Na hawakugawana: ushindi mmoja, mtu mmoja.

Lakini shahidi mwenyewe ni nani? Ni mwenzake aliyekuwa akiruka ubavuni mwake, aliyeuona moshi ule ule na kudanganyika vile vile. Mfumo mkali haugeuzi jicho kuwa zuri. Tena, pale watu walipoamua kusaidiana kudanganya, fomu haikuwazuia. Agosti 1942 nchini Misri, kundi dogo la marubani wa II./JG 27, kikosi cha Wajerumani cha ndege za kivita, lilileta madai mengi ambayo hasara za Waingereza hazikuweza kuyabeba. Walikuwa wakishuhudiana wao kwa wao. Waliowashtukia walikuwa wenzao wa kikosi hicho hicho, na kundi likatawanywa. Hii ndiyo aina ya uongo wa makusudi, na unaijua kwa dalili moja: watu wale wale, mashahidi wale wale, na upande wa pili hakuna aliyekosekana.

Daftari la kikosi likipotea, je?

Hapo tunaingia kwa Pattle. Marmaduke Thomas St John Pattle, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini, aliruka na kikosi cha 80 kisha akaongoza cha 33 nchini Ugiriki. Aliuawa Aprili 20, 1941, juu ya ghuba ya Eleusis. Siku chache baadaye Waingereza walikimbia Ugiriki, na nyaraka za vikosi zikapotea au kuchomwa katika kukimbia huko. Ndiyo maana utasoma mahali kwamba alitungua 40, pengine zaidi ya 50. Huenda alikuwa wa kwanza miongoni mwa marubani wote wa Uingereza na makoloni yake, na karatasi ya kulithibitisha haipo.

Katika hali hiyo kinachobaki ni shajara za waliokuwa naye, barua, na hasara za Wajerumani na Waitaliano kwa siku zile. Hasara hizo zinaweza kuonyesha kwamba siku fulani ndege sita hazikurudi. Haziwezi kukuambia tatu kati ya hizo zilikuwa za nani. Ukikutana na mwandishi anayempa Pattle namba kamili bila kusita, muulize ameipata wapi.

Afrika Mashariki kulikuwa na mapambano ya angani?

Yalikuwepo, na wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Wajir ilipigwa mabomu ndani ya siku chache. Vikosi vya Afrika Kusini viliruka kutoka viwanja vya Kenya, vikasonga na majeshi kupitia Somalia hadi Ethiopia. Upande wa Italia, huko Eritrea, Mario Visintini alifikisha ushindi wapata 16 akiruka Fiat CR.42, ndege ya mabawa mawili. Alikufa Februari 1941 kwa kugonga mlima katika hali mbaya ya hewa. Hakutunguliwa, na bado utakuta wanaomhesabu kwenye madai ya mtu.

Mfano mzuri wa hati kulingana ni wa Oktoba 1941 karibu na Gondar, Ethiopia. Waitaliano walikuwa wamebakiwa na ndege mbili tatu. Rubani wa Afrika Kusini aitwaye Hope, akiruka ndege ya kivita aina ya Gladiator, aliipiga CR.42 na kuiona ikianguka. Mabaki yalionekana karibu na Ambazzo, na rubani aliyekufa alikuwa Ildebrando Malavolti. Waafrika Kusini walidondosha kutoka angani ujumbe wa kumpa heshima rubani huyo. Dai, mabaki, jina la marehemu na kumbukumbu za Italia, vyote vinasema jambo moja. Ukipata dai la namna hii, shukuru, maana ni machache.

Mfano wa kinyume chake ni wa Machi 15, 1941, Dire Dawa. John Frost wa kikosi cha 3 cha Afrika Kusini alipigwa, akatua na Hurricane yake kwenye uwanja wa adui. Mwenzake Bob Kershaw akatua pembeni yake, Frost akampakata, wakaruka wawili katika kiti kimoja. Ndege imepotea, lakini rubani amelala kambini kwake usiku ule. Mtu anayehakiki kwa kutumia orodha za makaburi peke yake, iwe ya makaburi ya vita Nairobi au kwingineko, hataiona hasara hiyo kamwe.

Inawezekana pande zote mbili zikawa na hati na ubishi ubaki?

Inawezekana sana. Aprili 18, 1943, ndege za Marekani aina ya P-38 zilimvizia Admirali Yamamoto, kamanda wa meli za kivita za Japani, juu ya kisiwa cha Bougainville katika Pasifiki. Wamarekani waliporudi walidai ndege tatu za mabomu na tatu za kivita. Hati za Japani zinasema ndege za mabomu zilikuwa mbili tu: moja ilianguka msituni na Yamamoto ndani, nyingine baharini, na Admirali Ugaki, msaidizi mkuu wa Yamamoto, akaokoka. Ndege za kivita za Japani aina ya Zero, zote sita za ulinzi, zilirudi. Basi madai sita yakawa mawili kwa kufungua daftari la upande wa pili tu.

Lakini nani alimtungua Yamamoto? Thomas Lanphier alisema ni yeye. Rex Barber akasema ni yeye. Jeshi la anga likawagawia nusu kwa nusu, na mzozo ukaendelea hadi wote wawili wakazeeka. Mabaki yaliyopo msituni na maelezo ya rubani wa Japani aliyenusurika, Kenji Yanagiya, yanamwelekea Barber zaidi, nami niko upande huo. Hata hivyo hasara inaweza kuthibitika kwa asilimia mia na mpigaji asijulikane. Ni maswali mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

Nusu ya ushindi inahesabiwaje?

Inategemea jeshi. Waingereza na Wamarekani waligawa kwa sehemu. Wafaransa walimpa kila mshiriki ushindi mzima, kwa hiyo ndege moja ingeweza kuonekana kwenye hesabu za watu watatu. Waitaliano mara nyingi waliupa kikosi kizima. Kumlinganisha rubani wa Ufaransa na wa Ujerumani kwa namba tupu ni kupoteza muda.

Na vita vya Korea? Ile hesabu ya kumi kwa moja ni ya kweli?

Marekani ilidai ndege za kivita za Kisovieti aina ya MiG-15 zipatazo 792 dhidi ya F-86 zake 78 zilizopotea kwa mapambano ya angani. Wasovieti, ambao marubani wao walipigana kwa siri, nao walidai zaidi ya ndege elfu moja. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika na nyaraka kuanza kusomwa, kumi kwa moja imeshuka sana. Imeshuka hadi wapi, inategemea kama unawachanganya marubani wa Kisovieti na wa China na Korea Kaskazini, waliokuwa na uzoefu mdogo zaidi. Anayekutajia uwiano mmoja wa vita vyote amekuficha hilo.

Hesabu yangu ikipingana na ya kitabu, nifanye nini?

Andika namba ya jalada na ya ukurasa kwa kila mstari wako. Weka safu tatu kwenye jedwali: madai yaliyopata mwenza, madai yasiyopata mwenza, na yale ambayo hati za upande wa pili hazipo. Usiunganishe safu ya pili na ya tatu, hata kama inakufupishia kazi. Dai lisilo na mwenza mwaka 1940, ambapo hati za hasara zimekamilika, si sawa na dai lisilo na mwenza la Aprili 1945, ambapo hakuna aliyekuwa akiandika tena. Kisha angalia tarehe ya kuchapishwa kwa kitabu hicho. Kama kinahusu upande wa mashariki, yaani vita vya Wajerumani na Wasovieti, na kilitoka kabla ya 1991, mwandishi wake hakuwa na njia ya kufika Podolsk, na hapo jedwali lako linaweza kuwa na haki zaidi ya kitabu.